Upande Safi

Mererid Pugh ni jirani yangu. Nyumba zetu zinagawana ukuta mmoja, kama nyumba zote za mtaa huu, hivyo akikohoa namsikia, na mimi nikiunguza mkate ananigongea ukuta. Yaliyompata alinisimulia mwenyewe, jikoni kwangu, chai ikipoa mbele yake. Kipande cha mwisho hakunisimulia. Hicho nilikiona.

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi zote za Cwm Rhedyn, mji wetu mdogo wa bondeni huku Wales. Mvua ilikuwa imekatika, kondoo wametapakaa mlimani, na Mererid alikuwa anapiga pasi blauzi huku akiwasengenya wanachama wenzake peke yake, kwa sauti, kama ilivyo desturi yake. Alikuwa daktari wa meno wa mji huu hadi alipostaafu. Hakuna kinywa hapa ambacho hakuwahi kukichungulia, na husema kwamba ukishaona jinsi mtu alivyooza magego, huwezi tena kumsikiliza anapohutubia. Mumewe Gethin alipofariki, ukimya wa nyumba ulimwelemea, ndipo akajiunga na Chama cha Historia. Si kwa kupenda historia. Alikosa tu watu wa kuwadharau karibu.

Na pale aliwapata. Chama chenyewe kilikuwa wastaafu wachache wanaokutana kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, wanakula vikeki vya zabibu, wanabishania jina la zamani la daraja fulani, halafu wanapigiana makofi. Mwenyekiti alikuwa Idwal Prosser, mwalimu mkuu mstaafu, mwenye tumbo la kutangulia na sauti ya mimbarini. Alivaa viatu vya ngozi vilivyogongelewa vipande vya chuma kwenye visigino, maana alipenda watu wasikie kwamba anakuja. Mererid ndiye aliyemziba meno na kumvika gego moja kofia ya dhahabu. Kwenye kile kiti cha kutibia, Idwal alilia kama kitoto kwa sindano moja ya ganzi. Kila Mwenyekiti alipopandisha sauti mkutanoni, Mererid aliyakumbuka yale machozi, akaweza kukaa hadi mwisho bila kumrushia kikombe.

Mwaka ule halmashauri ilikipa chama jengo la mwisho lililobaki la kiwanda cha wakati wa vita. Kiwanda kilijengwa huku bondeni kwa sababu ya ukungu, ndege za Wajerumani zisikione, na maelfu ya wanawake waliletwa kwa treni kujaza unga wa baruti ndani ya mabomu. Mabanda yote yamebomolewa, kondoo wanalala juu yake. Jengo lililosalia ni lile walilobadilishia nguo kabla ya zamu.

Ni chumba kirefu, kitupu, chenye madirisha ya juu. Katikati, kutoka ukuta hadi ukuta, sakafu imekatwa na ubao uliosimamishwa kwa ubavu, haufiki hata magotini, umepakwa rangi nyekundu. Upande wa mlango uliitwa upande mchafu. Ng'ambo ya ubao ni upande safi. Mwanamke aliacha upande mchafu viatu vyake, pini za nywele, hereni, viberiti, kila kitu cha chuma au cha kutoa cheche, akakaguliwa mwili mzima, ndipo akainua mguu kuvuka. Kando ya mlango ipo mpaka leo rafu ya vishubaka vidogo, ambamo wakaguzi waliweka walivyovikamata.

Idwal alitaka kulifanya jengo hilo makumbusho. Mgeni mkubwa kutoka Cardiff, mji mkuu, angekuja kulifungua, na Mwenyekiti alikuwa ameshafanya mazoezi ya kuinamisha kichwa kwa unyenyekevu mbele ya kioo, Mererid alimfumania. Ukutani, upande safi, alitundika bango kubwa la maelezo. Lilisifu uhodari wa viongozi wa kiwanda. Lilisema wasichana walifanya kazi wakiimba. Na chini kabisa lilisema kwamba mlipuko mkubwa ulisababishwa na uzembe wa mfanyakazi mmoja, Nansi Hopkin, aliyeingia na kibanio cha nywele kichwani.

Mererid, kama katibu, ndiye aliyeyapiga chapa maneno yale. Aliona ni upuuzi. Aliyapiga vilevile. Kubishana na Idwal, alisema, ni kama kumng'oa ng'ombe jino: unatoka jasho bure, na mwisho ng'ombe ni yuleyule.

Tatizo ni kwamba Nansi alikuwa na mdogo wake, na mdogo wake alikuwa hai.

Ceinwen Hopkin alikuwa amepita miaka tisini. Alifanya kazi kiwandani akiwa msichana, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vilibaki hukohuko. Idwal alimtaka kwenye ufunguzi kama mtu anavyotaka shada la maua mezani. Aseme maneno machache, atabasamu, apigwe picha, arudishwe kwao. Jumamosi ile Mererid alitumwa kumleta kwa mazoezi.

"Wameandika nini juu ya Nansi?" Ceinwen aliuliza ndani ya gari, fimbo yake katikati ya magoti.

"Utaona, Bi Ceinwen."

"Nimekuuliza wewe. Bango halina mdomo."

"Wameandika kilichomo kwenye ripoti ya serikali."

"Ahaa." Bibi aligeukia dirishani. "Basi wameandika ushuzi."

Mererid alicheka. Ceinwen hakucheka.

"Nilikuwepo, mwanangu. Nilichelewa, nafungua kamba za viatu upande mchafu. Meneja akaja na wageni wake, wamekula, wamekunywa, na mabuti ya misumari miguuni. Mkaguzi wetu alikuwa Bi Protheroe. Jimama hilo! Mikono kama barafu, na mdomo mchafu kuliko wangu. Akasimama mbele ya ubao, akatandaza mikono. Akamwambia meneja, mikono juu, vua viatu. Meneja akawageukia wageni akasema, 'Mnaona ng'ombe wetu walivyofunzwa vizuri?' Wakacheka. Akamsukuma, wakavuka. Bi Protheroe akawafuata mbio kuwatoa." Alipangusa ukungu wa kioo kwa kiganja. "Kabla hajawafikia pakalipuka. Hakutoka. Wala Nansi, aliyekuwa tayari ndani. Na Nansi alikuwa amenyoa nywele wiki ile kwa ajili ya chawa. Kibanio angekibania wapi? Masikioni?"

"Hukuwaambia wachunguzi?"

"Niliwaambia. Yule bwana aliacha kuandika nilipoanza kusema, akaendelea niliponyamaza."

Mererid alibadili gia. Alijua vidole vyake mwenyewe ndivyo vilivyolipiga chapa jina la Nansi.

Walipofika, wanachama wengine walikuwa wamekwenda kula baa. Idwal alikuwa peke yake mlangoni, tai imenyooka, mchana mweupe ukiingia kwa madirisha ya juu.

"Karibu, bibi, karibu!" alisema kwa sauti ya kuwasemesha viziwi. "Nitakuonyesha pa kusimama."

"Nasikia vizuri, Prosser. Nilikuwa nakusikia hata ulipokuwa unawachapa watoto wa watu pale shuleni, na mimi niko kwangu ng'ambo ya mto."

Ceinwen aliingia hadi kwenye ubao mwekundu, akasimama. Kutoka pale aliweza kulisoma bango. Alilisoma lote, midomo ikicheza. Mererid alitazama sakafu.

"Nani ameandika hili?"

"Ni kazi ya chama," Idwal alisema.

"Liondoe jina la dada yangu."

"Bi Hopkin, nakuelewa, lakini ulikuwa msichana mdogo, mwenye hofu. Historia inaandikwa kwa nyaraka. Machozi hayana tarehe wala muhuri. Sasa vuka upande ule, tupime mwanga wa picha."

"Sivuki. Nina fimbo ya ncha ya chuma, nina saa, nina pini. Na wewe ukitaka ushauri wangu, usivuke na hivyo viatu."

Hapo Idwal alimgeukia Mererid kwa lile tabasamu la kuomba mwenzake wa kucheka naye. Wiki iliyotangulia, Beti Rosser, mke wa mweka hazina, alivuka ubao kwenda kufagia, na pini zote zikamtoka kichwani kwa mkupuo, nywele zikamwangukia mabegani. Pini zilikutwa ndani ya kishubaka kimoja, zimelazwa sambamba. Beti hakurudi tena. Idwal alitangaza mkutanoni kwamba nywele za Beti zimechoka kukaa na Beti.

"Mmeanza na ninyi?" alisema. "Daktari, wewe ni mtu wa sayansi. Mwambie bibi."

"Ondoa jina, Idwal," Mererid alisema. "Ni mstari mmoja. Nitalipiga upya leoleo."

"Kwa sababu ya hadithi za wasichana wa kujaza unga? Walikuwa vibarua, Mererid. Walilipwa, wakapiga porojo, wakavuta sigara chooni. Tukiwaachia wao historia, tutafungua makumbusho ya umbea."

Akainua mguu, akauvusha ubao. Kisigino kiligonga sakafu ya upande safi. Akavusha wa pili. Akatembea mpaka katikati, chuma kikilia kila hatua, akageuka kuwatazama. Akatandaza mikono.

"Haya, Bi Protheroe! Nimevuka na viatu! Njoo unikague!"

Hakuna kilichotokea. Nje kondoo alilia mara moja.

Idwal alicheka. Alishusha mikono.

Mikono haikushuka.

Alijaribu tena, akiwa bado na kicheko usoni. Mikono ilibaki juu, vifundo vikiwa vimekunjika kidogo, kama vimeshikwa na mtu aliye nyuma yake. Kisha koti lake likabonyea ubavuni. Likabonyea upande wa pili. Mfuko wa kulia ukajigeuza nje, taratibu, kitambaa chake cheupe kikining'inia kama ulimi.

Nyuma ya Mererid kitu kililia ndani ya rafu. Aligeuka. Katika kishubaka cha kwanza palikuwa na funguo.

"Nani anafanya hivyo?" Idwal aliuliza.

Sarafu. Kishubaka cha pili. Saa. Miwani. Bizimu ya mkanda, peke yake, bila mkanda. Kila kitu kiliwekwa. Hakikutupwa. Kilisikika kikiwekwa.

Halafu Idwal alipepesuka, kwa sababu kitu kilikuwa kimeinua mguu wake wa kushoto nyuma, kama mtu anavyoinua ukwato wa farasi. Msumari ulilia ukitoka kwenye ngozi. Kipande cha chuma cha kisigino kikatua kwenye rafu. Mguu ukaachwa. Ukainuliwa wa pili.

"Mchafu," ilisema sauti.

Ilikuwa ya mwanamke. Haikutoka kaburini, wala haikutetemeka. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka na zamu ndefu, asiyeona mbele yake kitu chochote cha kuheshimu.

"Ndiye," Ceinwen alinong'ona. "Mungu wangu, ndiye yeye."

Idwal alifungua kinywa apige kelele. Kinywa kikabaki wazi. Kikafunguka zaidi. Mererid aliwahi kushika taya lile kwa mikono yake, akajua kinachofanyika: mtu alikuwa amembana kidevu kwa dole gumba na kuingiza kidole ndani. Mashavu ya Idwal yalivimba na kunywea. Kidole kilikuwa kinatafuta.

Tik.

Mererid hakutaka kugeuka. Aligeuka.

Ndani ya kishubaka palikuwa na kibonge cha chuma cha kijivu, kidogo kuliko punje ya mahindi. Kikavu. Safi. Alikitambua. Daktari hasahau kazi yake. Tik, kingine. Tik. Halafu ile kofia ya dhahabu, ikizunguka kidogo kabla ya kutulia.

Damu haikutoka hata tone. Kinywani mwa Idwal palibaki mashimo, meusi, masafi, kama siku ile kabla Mererid hajayaziba.

Ndipo alipokumbuka. Mwaka uliopita Idwal alilazwa Cardiff, na aliporudi alizungumzia operesheni yake mikutano mitatu mfululizo. Alikuwa na betri ya moyo, kidude cha chuma kilichoshonewa kifuani kuusaidia moyo kupiga.

"Idwal!" alipiga kelele. "Toka! Rudi huku!"

Idwal alizungusha macho tu.

Mererid alikimbilia ubao.

"Simama!" Fimbo ya Ceinwen ilimchapa kifuani. "Unakwenda wapi na viatu? Vua!"

"Atakufa!"

"Na wewe utamsindikiza? Vua, nakwambia! Saa! Hereni! Pini hizo!"

Alivua. Aliangusha pini sakafuni, akazisukuma mbali kwa unyayo.

"Na sidiria."

"Bi Ceinwen!"

"Ina vyuma! Vua!"

Aliivuta kupitia mkono wa blauzi, akaitupa. Katika maisha yake yote hakuwahi kujiona mjinga kiasi kile, na hakuwahi kujali kidogo kiasi kile. Peku, nywele wazi, akavuka.

Upande safi ulikuwa baridi. Hakufika mbali. Mkono ulimpokea.

Hakuna aliyekuwepo. Palikuwa na sakafu, mwanga, na Idwal mikono juu. Lakini mkono ulimshika begani, ukamgeuza kama mzigo. Mwingine ukapita nyuma ya masikio. Ndani ya nywele. Kwapani. Kiunoni. Ulijua kazi yake. Haukuwa na hasira naye, wala huruma. Kisha kidole kigumu, baridi, kikampenya midomoni, kikapita jino kwa jino. Kilikuwa na ladha ya sabuni. Meno ya Mererid ni mazima yote. Amejivuna nayo miaka mingi. Kidole kikatoka.

Ukashika mkono wa kushoto. Ukaipata pete ya ndoa.

Ukavuta. Mfupa ulimuuma hadi machozi. Ukazungusha, ukavuta tena.

"Haitoki, mama," alinong'ona. "Kifundo kimevimba. Ni ya mume wangu. Amefariki."

Kidole chake kilikuwa kimeshikwa bado. Akakihisi kikibanwa, polepole, kuzunguka. Kisha kikaachwa.

Alimrukia Idwal, akamkumbatia kiuno, akavuta. Ilikuwa kama kuvuta nguzo.

"Msichana yule hakuwa na kosa," alisema hewani. "Nimeliandika mimi. Niliona ni uongo, nikaliandika kwa uvivu. Nitaliondoa. Muache."

"Mchafu," ilisema sauti, karibu na sikio lake. Haikuwa inasema naye.

"Idwal, sema! Sema Nansi hakuwa na kosa! Ndicho anachotaka!"

Taya liliachiwa. Idwal alipumua kwa kishindo. Alimtazama Mererid, akamtazama Ceinwen aliyesimama ng'ambo na fimbo yake, na hata pale, mashimo kinywani na suruali ikimteremka, Mererid aliona uso wake ukijikusanyia ule ukubwa wake wote wa zamani.

"Mimi," alisema, maneno yakipiga mbinja kwenye mashimo, "siamriwi na kibarua."

Shati lilibonyea kifuani, upande wa kushoto. Alama tano. Zikazama.

Hakupiga kelele. Alitoa sauti ndogo ya mshangao, kama mtu aliyekumbuka jambo. Kisha uzito wake wote ukamwangukia Mererid.

Alimburuta. Hakumbuki alivyoweza. Ceinwen, kutoka upande mchafu, alimnasa kola kwa mkono wa vidole vitatu, na wawili wakampitisha juu ya ubao kama gunia la makaa. Mererid alimweka sikio kifuani. Hapakuwa na kitu. Alianza kumbana kifua kwa viganja, akihesabu kwa sauti, akimtukana kati ya hesabu. Alifika mahali akakata tamaa. Akainua mikono.

Na moyo ukaanza.

Gari la wagonjwa lilipoondoka, aliitazama rafu. Vitu vyote vilikuwemo, kila kimoja na kishubaka chake. Betri ya moyo haikuwemo. Hawajaipata hadi leo.

Hospitali walipiga picha ya kifua, wakapiga nyingine, wakalaumu mashine. Kovu la operesheni lilikuwa limefungika vilevile. Ndani hapakuwa na betri wala nyaya zake. Daktari aliyeiweka aliitwa, akaapa kwamba aliiweka. Kilichowashinda zaidi ni kwamba moyo ule, ambao wao wenyewe walishasema hauwezi kujiendesha, unapiga. Unapiga sawasawa, usiku na mchana, hauendi mbio akipanda ngazi, haupungui akilala. Mkewe amehamia chumba kingine. Anasema ukiusikiliza haufanani na moyo. Unafanana na watu wengi wanaotembea kwa mpangilio, peku.

Chama je? Usiwatarajie mazuri. Walikutana, wakala vikeki, wakaandika kwenye kumbukumbu kwamba Mwenyekiti ameng'atuka kwa sababu za kiafya. Hywel Rosser, mweka hazina, alipendekeza watoze kiingilio kwa wapenda mizimu. Wakapiga makofi. Ilipofika siku ya kwenda kuchukua viti vyao kule jengoni, hakuna aliyekwenda. Viti vipo hukohuko.

Mererid alikwenda. Mchana, peke yake, peku, amevua kila kitu cha kuvuliwa. Alilibandua bango akalivunja kwa mguu, akatundika jingine, fupi, lenye majina ya waliokufa, la Nansi Hopkin na la Bi Protheroe yakifuatana. Hakuguswa. Anasema alivuka ubao mara mbili na mara zote mbili alisikia mtu akijisogeza kumpisha.

Jambo la pete hakuliona siku ile ya tukio mpaka jioni, alipokuwa ananawa mikono kwa sabuni nyumbani. Pete haikuonekana. Ilikuwa imefungwa juu kwa utepe mwembamba wa kitambaa chenye gundi, uliozeeka rangi, umezungushwa nadhifu, ncha yake imekunjwa ndani. Alijaribu kuubandua. Alijaribu kwa maji moto, kwa mafuta, kwa mkasi wake wa kazi. Mkasi ulipinda.

Alimpelekea Ceinwen auone. Bibi aliuchukua mkono, akaupapasa utepe kwa vile vidole vitatu mpaka birika likachemka likazimika lenyewe.

"Walikuwa wanatufungia hivi," alisema mwishowe. "Wake za watu. Pete ikigoma kutoka, mkaguzi anaifunga ili isitoe cheche. Umepita ukaguzi, mwanangu. Amekupa ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

Ceinwen aliurudisha mkono wa Mererid mapajani mwake, taratibu.

"Ya kuingia kazini."

"Kazi gani? Kiwanda hakipo."

Bibi alikuwa anamtazama paji la uso, pale nywele zinapoanzia.

"Unga ule ulikuwa unatupaka manjano," alisema. "Ngozi, nywele, hata jasho. Ukilala, mto unabaki na umbo la kichwa chako. Ufue uufikiche, hautoki. Mama yetu alichoka, akatushonea foronya nyeusi." Akasukuma kikombe mbele yake. "Kunywa chai. Na usilalie foronya nyeupe."

Hayo ndiyo aliyonisimulia Mererid. Nilimwambia apumzike, amepata mshtuko, na bibi wa watu naye amezeeka. Alinitazama kwa ile dharau yake ya siku zote, akaenda zake, nikafurahi kuona bado anayo.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Leo asubuhi jua limetoka, nikaenda uani kuanika. Mererid alikuwa ameshaanika zake. Foronya yake moja nyeupe ilikuwa kwenye kamba, inatiririka maji, imefuliwa muda si mrefu. Katikati yake, manjano kama kiini cha yai, palikuwa na umbo la kichwa kilicholala ubavu. Nililiona vizuri, sikio, shavu, hata mkunjo wa shingo.

Upepo ukaigeuza. Upande wa pili palikuwa na kichwa kingine, kidogo kuliko chake, kilichonyolewa nywele.